Gitaa moja la hali ya juu baada ya miaka 50: nifuate jina, mbao au mkono wangu?

Mcharazaji wa Jioni aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina umri wa miaka 52, nimepiga gitaa tangu ujanani, ingawa katika miaka ya malezi na kazi lilikaa juu ya kabati zaidi kuliko mapajani. Sasa watoto wanajitegemea, nimetenga akiba kwa jambo hili tu, na ningependa kununua gitaa moja la akustika la daraja la juu ambalo nitabaki nalo. Sikusudii kuwa na mkusanyiko wa magitaa ukutani.

Nadonoa nyuzi kwa vidole kuliko ninavyotumia piki (kile kipande kidogo cha kucharazia), na mara nyingi najisindikiza nikiimba kwa sauti ya chini. Ndoto yangu ya siku zote imekuwa D-28, gitaa la umbo kubwa la kampuni ya Martin. Hata hivyo, nilipoipakata dukani bega la kulia lilianza kuchoka kabla sijafika ubeti wa pili, na kila nilipoirudia kodi ya F (noti kadhaa zinazobonyezwa na kulia kwa pamoja) nilihisi maumivu kwenye shina la kidole gumba cha mkono wa kushoto. Muuzaji akanipa 000-28, ya Martin pia lakini yenye umbo dogo zaidi, ambayo ilitulia mwilini kana kwamba imepimwa kwa ajili yangu, lakini besi ile nzito niliyoiwaza miaka yote sikuisikia.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, niupe mwili kipaumbele na kuiacha ndoto, au mwili utazoea? Je, mbao zina uzito gani katika uamuzi huu? Na kuna swali ambalo nasita kuliuliza: mtu wa kiwango changu, ambaye hajawahi kupanda jukwaani, ana sababu yoyote ya kumiliki ala ya namna hiyo?

Fundi wa Shingo na Daraja alijibu:

Ndugu Mcharazaji, tuanze na vipimo, maana vipimo havimbembelezi mtu. Umbo la D-28, ambalo lilipewa jina la manowari ya Kiingereza HMS Dreadnought, lina upana wa takriban milimita 397 kwenye tumbo la chini na kina cha takriban milimita 124. Umbo la 000 lina upana wa milimita 381 na kina cha milimita 105 hivi. Tofauti ya upana si kubwa, na watu wengi huishia kuitazama hiyo peke yake. Kinachochosha bega ni kina, kwa sababu mkono wa kulia unalazimika kupanda juu ya ukingo wa sanduku na kushuka tena kuzifikia nyuzi, na bega hubaki limeinuliwa muda wote unaopiga. Mwili wa kijana hulivumilia jambo hili bila kulitaja. Wako umelitaja ndani ya ubeti mmoja, na mimi ningeuamini.

Jambo la pili ni urefu wa uzi unaotetema, yaani kutoka kizingiti cha juu ya shingo hadi kwenye mfupa wa daraja, ule ukanda mwembamba unaozibeba nyuzi kwenye uso wa sanduku. D-28 ina milimita 645, na 000-28 ina takriban 632. Kwa nyuzi za unene uleule zilizosawazishwa kwa sauti ileile, ufupi huo hupunguza mvutano kwa karibu asilimia 4. Vidole vinaisikia tofauti hiyo, lakini isikuzuie kuona njia nyingine zenye nguvu zaidi. Ukibadilisha uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko yote, wa unene wa 0.012 ya inchi ukaweka wa 0.011, mvutano wa uzi huo unashuka kwa takriban asilimia 16. Ukishusha gitaa zima kwa nusu toni, mvutano unashuka kwa karibu asilimia 11, na kama sauti yako inahitaji ufunguo wa awali unafunga kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza, yaani kijiti cha chuma cha kwanza shingoni, jambo ambalo pia huzisogeza freti karibu na mwili na kupunguza umbali wa kunyoosha mkono. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba gitaa lenye shingo ndefu limekwisha kukataliwa na umri wako. Ukiupenda mwili wa 000 lakini ukauhitaji mlio wa uzi mrefu, lipo umbo la OM, ambalo lilianza mwaka 1929: sanduku ni la ukubwa wa 000, na uzi una milimita 645.

Sasa hiyo kodi ya F. Kabla hujaulaumu mkono, kikague kizingiti. Magitaa mengi, hata ya bei kubwa, hutoka kiwandani yakiwa na mifereji ya kizingiti iliyoachwa juu kidogo, kwa kuwa fundi atakayefuata anaweza kukata zaidi lakini hawezi kurudisha kilichokatwa. Bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Iwe ndogo kiasi kwamba ukiugusa uzi hapo kwa ncha ya kidole unasikia mgongano hafifu tu wa chuma kwa chuma. Rudia kwa nyuzi zote sita. Kama uzi unashuka safari ndefu kabla ya kugonga, basi kodi ya F kwenye gitaa hilo ni kazi ya misuli bure, na fundi mzuri atalimaliza tatizo hilo katika muda mfupi. Kwenye freti ya 12, kwa mtu anayedonoa kwa vidole, uzi wa sita ukiwa juu kwa takriban milimita 2.3 na wa kwanza milimita 1.8, mkono utapumua bila nyuzi kukwaruza.

Kuhusu kidole gumba, jihadhari na imani kwamba shingo nyembamba ndiyo rahisi. Shingo nyembamba mno humfanya mpigaji abane kwa ncha ya gumba, ilhali shingo iliyojaa kidogo huujaza mkono na kuusambaza mzigo. Jaribu zote mbili. Na ikiwa maumivu yanaendelea hata siku ambazo hujagusa gitaa, muone daktari kwanza. Hakuna ala inayotibu kiungo.

Besi Nzito alijibu:

Nakubaliana na Fundi katika vipimo, lakini ninasikitika kila mara ninapoona watu wa makamo wakihamishwa kutoka kwenye umbo kubwa kana kwamba ni adhabu ya kuzeeka. Umbo hili lilitengenezwa na Martin mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Oliver Ditson, na lilipoanza kuuzwa kwa jina la Martin lenyewe mwaka 1931 lilikusudiwa waimbaji waliohitaji gitaa la kubeba sauti ya mtu. Ndugu yetu anaimba. Besi pana chini ya sauti ya chini ni starehe ambayo sanduku dogo haliwezi kuiiga, hata likiwa limetengenezwa kwa mikono ya malaika.

Kabla ya kukata tamaa, keti upya. Wengi huweka gitaa kubwa kwenye paja la kulia na kujikunja juu yake. Liweke kwenye paja la kushoto kwa mtindo wa wapigaji wa klasiki, au vaa mkanda hata ukiwa umekaa, shingo ielekee juu, na sehemu ya nyuma ya sanduku isogee mbali kidogo na kifua badala ya kubanwa nacho. Bega hushuka lenyewe. Kama baada ya hayo bado linauma, nami nitanyamaza.

Kwa upande wa mbao, uso wa gitaa ndio unaozungumza kwanza, mgongo na mbavu hufuata. Uso wa sprusi hustahimili kupigwa kwa nguvu bila kuchafuka. Uso wa mwerezi huitikia mguso mwepesi mara moja, lakini ukiusukuma hufika kikomo mapema. Kwa mtu anayedonoa taratibu, mwerezi unastahili kusikilizwa japo haumo katika ndoto ya awali. Rozwudi mgongoni huacha mwangwi mrefu wenye milio mingi ya juu na ya chini, wakati mahogani hutoa noti kavu, zinazoonekana moja moja, ambazo huiachia sauti ya mwimbaji nafasi katikati. Wapo wanaotumia hata mpingo wetu, mgumu na mzito kweli kweli, na matokeo yake hukaribia rozwudi. Mimi ni mtu wa rozwudi, lakini kwa mwimbaji wa sauti ya chini sitabishana sana na atakayechagua D-18, ambayo ni umbo lilelile kwa mahogani.

Sikio la Pili alijibu:

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa linaweza kukuharibia ununuzi wote. Gitaa halina mtihani wa kuingilia. Mpigaji wa ngazi ya juu anaweza kutoa muziki kutoka kwenye gitaa baya, maana mikono yake hufidia kasoro. Anayenufaika zaidi na gitaa linaloitikia vizuri, lisilohama sauti na lisiloumiza, ni mtu kama mimi na wewe. Hapo ninaliacha.

Ninalotaka kuongeza linahusu masikio, ambayo hakuna aliyeyataja. Kadiri umri unavyosonga, uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu ndio hupungua kwanza, na hupungua polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa makamo huweza kuvutiwa na gitaa lenye ukali mwingi kwa sababu kwake linasikika la kawaida, huku wanaomsikiliza nyumbani wakikunja nyuso. Aidha, mpigaji hukaa nyuma ya ala, wakati sauti inatokea mbele. Kwa hiyo nenda na mtu anayepiga kidogo, mwombe acharaze kila gitaa kipande kilekile, kwa nguvu ileile, nawe simama mbele yake hatua chache ukiwa umegeuka ili usione jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Kisha badilishaneni, na umuulize yeye alichosikia. Hakikisha nyuzi ni mpya kwenye magitaa yote unayoyalinganisha, kwa maana nyuzi zilizochoka hufanya gitaa zuri liwe bubu, na dukani hilo ni jambo la kawaida sana.

Cheza pia polepole na kwa upole kuliko kawaida yako. Gitaa la daraja la juu hujitambulisha kwenye sauti ndogo: noti inatoka ikiwa kamili hata kidole kikigusa tu, na inakufa taratibu bila kukatika. Kupiga kwa nguvu dukani huyafanya magitaa yote yafanane.

Mwisho, usifungiwe na jina moja. Lowden wa Ireland ya Kaskazini ana sifa kubwa miongoni mwa wadonoaji kwa vidole. Taylor wa California, tangu 1974, shingo zake huwafaa wengi wenye mikono inayochoka. Furch wa Ucheki na Collings wa Texas nao wanastahili kupakatwa angalau mara moja. Huenda ukarudi kwa Martin, lakini utarudi ukijua kwa nini.

Mcharazaji wa Jioni aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimejaribu kukaa kama alivyoelekeza Besi Nzito, na ni kweli bega limepata nafuu, ingawa halikunyamaza kabisa. Nilirudi na rafiki, tukafanya jaribio la kugeuka, na mara zote nilichagua OM yenye mgongo wa rozwudi bila kujua ni ipi. Besi yake, nikiisikiliza nikiwa mbele, ni nzito kuliko nilivyodhani nilipokuwa nimeipakata. Nimekaribia kuamua.

Hata hivyo limejitokeza jambo jipya. Mtu ananiuzia D-28 ya mwaka 1967, yenye rozwudi ya Brazili, na anasema gitaa kuukuu huwa limefunguka sauti kwa namna ambayo jipya haliwezi. Je, nilitazame?

Fundi wa Shingo na Daraja alijibu:

Litazame, kutazama hakuna dhara, lakini nenda na rula ndefu iliyonyooka. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, uisogeze hadi ncha yake ifike kwenye daraja. Inapaswa kuwa sawa na uso wa mbao za daraja au juu yake kidogo. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imeinamia mbele kwa miaka ya kuvutwa na nyuzi, na itahitaji kung'olewa na kuwekwa upya. Hiyo ni kazi ya kawaida kwa magitaa ya umri huo, lakini ni ya gharama, na bei ya muuzaji lazima iitambue. Kagua pia kama uso umevimba kupita kiasi nyuma ya daraja, na kama mfupa wa daraja umekwisha kukwanguliwa hadi chini kabisa; huo ukiwa mfupi na nyuzi zikiwa bado juu, hakuna pa kushusha tena. Kumbuka kwamba Martin haikuanza kuweka chuma cha kurekebishika ndani ya shingo hadi 1985, hivyo gitaa hilo likiwa na shingo iliyopinda huwezi kuinyoosha kwa kuzungusha ufunguo.

Kuhusu rozwudi ya Brazili, ambayo Martin iliacha kuitumia kwenye D-28 za kawaida mwishoni mwa miaka ya 1960, mti huo umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu 1992. Nafuu iliyotolewa mwaka 2019 kwa ala za muziki zilizokamilika inahusu jamii nyingine za rozwudi, siyo hiyo. Bila hati halali usithubutu kuvuka nalo mpaka, na ukitaka kuliuza nje ya nchi uliyomo utakutana na sharti hilohilo. Mtu anayetaka gitaa la kukaa nalo sebuleni anaweza kuvumilia hayo. Anayesafiri nalo hawezi.

Sauti ya gitaa kuukuu ni jambo la kweli, ila si la kila gitaa kuukuu. Tena ni D-28, ndugu yangu, lenye kina kilekile kilicholichosha bega lako. Likiwa limefunguka au halijafunguka, mkono utapanda juu ya ukingo uleule.

Ukichukua OM, nunua pamoja nayo kipimo kidogo cha unyevu wa hewa na ukiweke ndani ya sanduku la kubebea. Magitaa ya mbao halisi kila upande yanataka unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55. Ncha za freti zikianza kukwaruza kiganja pembeni mwa shingo, hewa imekauka na mbao zimesinyaa. Nyuzi zikipanda na uso ukituna, unyevu umezidi. Na kabla hujalitoa dukani, waombe wakate mifereji ya kizingiti ukiwa umekaa palepale, upige F baada ya kila uzi.