Camaro SS 2012: rimu za BMW, Range Rover au Cadillac?

Mwana wa Seeb
Assalaam alaikum ndugu zangu. Camaro yangu ni SS ya 2012. Wiki iliyopita nilizama shimoni njia ya Barka, hapa Oman. Rimu mbili za nyuma zimepinda, na moja ina ufa kwa ndani, pale usipopaona mpaka gari ipande jeki. Mpya za kampuni bei imenishinda. Sharjah nimekuta seti tatu za mtumba, zote matundu matano kwenye duara la milimita 120, kama Camaro: za BMW 5 Series F10 inchi 20, za Range Rover Sport inchi 20 na tairi zake, na za Cadillac CTS-V inchi 19. Muuzaji anasema zote zinaingia. Nichukue zipi?

Bin Kerezo
Waalaikum salaam. Matundu ya stadi, zile skurubu zilizochomoza kufungia gurudumu, yakilingana, umejua jambo moja tu. Yapo mengine matatu: tundu la kati, ofseti, na nati.

Anza na ofseti, ile ET iliyochapwa nyuma ya rimu. Ni umbali wa uso unaogusa habu, yaani kitovu cha gurudumu kwenye gari, kutoka katikati ya upana wa rimu, kwa milimita. Namba ikikua, rimu inazama ndani kuelekea shokapu. Camaro SS mbele ni inchi 8 ET35, nyuma inchi 9 ET40. Zile za Range Rover Sport ni 9.5 ET53. Piga hesabu ya mbele: upana umezidi inchi moja na nusu, nusu yake ni milimita 19 kwenda ndani, ongeza 18 za tofauti ya ET. Milimita 37! Hapo unagusa shokapu kabla hujatoka kituo cha mafuta.

F10 zenye inchi 20 nyingi ni 8.5 ET33 mbele na 9 ET44 nyuma. Mbele zinaingia ndani milimita 4 na kutoka nje 8, nyuma zinaingia ndani 4 tu. Soma namba za seti yako kwanza, lakini kama ndizo hizo, mimi nachukua BMW.

Abu Salma
Msimdharau Range Rover. Mimi ninazo kwenye Camaro yangu mwaka wa pili. Tairi zake ni 275/40 R20, kipimo kilekile cha nyuma cha Camaro, na rimu zimetengenezwa kubeba gari zito. Nimeweka speisa, vile vipande vya kusogeza rimu nje, za kukaa kwenye habu, zenye stadi zake. Gari imesimama vizuri sana, mabega yamejaa.

Bin Kerezo
Ami Abu Salma, sibishi kwamba zinapendeza. Lakini umeongeza chuma kizito kwenye kila gurudumu, na nati mara mbili za kukagua: za speisa kwenye habu na za rimu kwenye speisa. Wewe ni mtu wa kukagua. Huyu ndugu yetu anatafuta kitu afunge aende zake Sohar.

Mama Camaro
Mbona Cadillac mmeiruka? CTS-V ile ni ya GM kama Camaro: tundu la kati 66.9, stadi M14x1.5 (unene milimita 14, uzi 1.5), hakuna ringi za kuziba pengo la tundu la kati wala kukereza. Na breki zake za Brembo ni kubwa, kwa hiyo inchi 19 haitagusa kalipa zako, zile taya za breki. Tatizo ni tairi. Ukiacha 285/35 R19 za CTS-V kwa nyuma, gurudumu linakuwa fupi kwa milimita 46 hivi. Mshale ukikuonyesha 120, wewe uko kama 112. Itabidi ununue 275/45 R19, na hapo nafuu yote imeondoka.

Hilo liko kwa BMW pia. Usishawishike na "seti na tairi zake". 275/30 zake za nyuma zina ubavu mfupi mno. Hamishia tairi zako mwenyewe na vipima upepo vyako.

kijana_ruwi
Na za Corvette je? Mjomba wangu anazo za Corvette C6.

Bin Kerezo
Usifanye, mwanangu. Duara la matundu la Corvette ni 120.65, kama Camaro za hadi 2002. Milimita 0.65 inaonekana si kitu na nati zinaingia, lakini kila stadi inavutwa pembeni na koni ya nati haikai sawasawa kwenye kiti chake. Inalegea.

Mama Camaro
Ringi nazo! Tundu la BMW ni 72.6, habu ni 66.9, pengo karibu milimita 3 kila upande. Mimi niliwahi kufungiwa bila ringi kwenye duka moja; kufika 100 usukani ukaanza kutetemeka, nikahangaika na balansi mwezi mzima. Nunua za alumini. Za plastiki, kwa joto letu na joto la breki, nilizitoa zimelainika kama ganda la ndizi.

Mwana wa Seeb
Mmenifaa sana. Jana nimekwenda kupima. BMW ni 8.5 ET33 na 9 ET44 kweli, hakuna nyufa. Nimejaribu moja mbele bila tairi, kalipa imepita na kidole kinaingia. Matundu yake yanapokea stadi ya 14, lakini soketi yangu ya 22 haiingii shimoni, maana BMW wanatumia bolti za kichwa cha 17.

Bin Kerezo
Ni kweli, F10 inatumia bolti za 14. Ungechukua za E60, 5 Series iliyotangulia F10, ungekuta matundu ya 12. Tafuta nati nyembamba za M14x1.5, koni ya digrii 60, zinakuja na soketi yake. Kaza kwa 190 Nm, endesha kilomita 80, kaza tena.

Mwana wa Seeb
Sawa fundi. Ringi nimeshaagiza. Nani yuko Seeb au Mawaleh ana spana ya torki ya kufika 190? Yangu inaishia 150.