Pasi za kale zinasagwa kwa grainda, zinapakwa rangi ya mageti, kisha tunauziwa kama "zilizorejeshwa"

Wanajukwaa wenzangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha. Muuzaji mmoja wa Nakuru, ambaye wengi wetu tunaokusanya pasi za zamani na viweko vyake, yaani vile vibao vya chuma vya kuwekea pasi ya moto, tumewahi kuona matangazo yake, ameniuzia pasi ya makaa iliyoharibiwa kwa makusudi, akadai kwamba imerejeshwa katika hali yake ya awali, na nilipodai fedha zangu akanijibu kwamba kitu cha zamani kikishauzwa hakirudi. Hasara ya shilingi elfu sita na mia tano nitaibeba. Siwezi, hata hivyo, kunyamaza wakati mtu huyu anaendelea kufanya hivyo kwa kila pasi inayopita mikononi mwake.

Tangazo lake lilisema kwamba ni pasi ya mkoloni ya mwaka 1890, imerejeshwa ikawa kama mpya, na kwamba anatuma popote, hata nje ya nchi. Picha zote zilipigwa kutoka upande mmoja. Kikomeo chenye umbo la jogoo kilionekana vizuri mbele ya kifuniko, bomba la moshi lilikuwa zima, na mpini wa mti ulikuwa na weusi ule unaotokana na miaka mingi ya kushikwa. Kabla ya kulipa nilimwuliza kama imewahi kuchomelewa mahali popote, naye akanijibu kwa maandishi, ambayo bado ninayo, kwamba haikuguswa ila kuondolewa kutu. Nililipa, kifurushi kikaletwa Kisumu kwa matatu, na harufu ya rangi ya kupuliza ilinifikia hata kabla sijamaliza kufungua katoni.

Naomba niieleze pasi yenyewe kwa kirefu, ili atakayeambiwa maneno kama hayo ajue pa kuangalia. Mwili mzima umepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, ile ile inayopakwa mageti. Mahali rangi ilipobanduka, kwenye ukingo, inaonekana mikwaruzo ya nusu duara inayopishana, ambayo ni alama ya jiwe la grainda na haitokani na msasa wala brashi. Kifuniko hakikai sawasawa: upande wa kushoto kimepanda juu ya ukingo, na upande wa kulia kimeacha mwanya unaopitisha ukucha, kwa sababu kifuniko hicho kilitoka kwenye pasi nyingine kabisa. Bawaba ya nyuma imefungwa kwa skrubu mbili zenye msalaba kichwani. Skrubu za namna hiyo zilienea baada ya Henry Phillips wa Marekani kupata hataza zake, yaani hati za kulinda uvumbuzi, mwaka 1936; kabla ya hapo fundi wa kawaida alitumia skrubu yenye mfereji mmoja, au msumari wa kugongwa. Mtu anayeandika 1890 kwenye tangazo angeweza walau kutafuta skrubu zinazofanana na uongo wake.

Jogoo naye amechomelewa kwa umeme, na tayari ufa mwembamba umeanza kando ya mshono, ukielekea kwenye ubavu wa kifuniko. Jambo hili lingetarajiwa na yeyote anayekijua chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, yaani umbo la kukifinyanga. Chuma hicho kina kaboni nyingi, zaidi ya asilimia 2, nacho kikipigwa moto wa ghafla mahali pamoja kisha kikapoa haraka, sehemu inayopakana na mshono huwa ngumu na kavu kama kigae, na hupasuka kwa mshtuko mdogo tu. Fundi mwenye heshima hukipasha moto kitu kizima kwanza, polepole, na baada ya kuchomelea hukiacha kipoe polepole vilevile. Huyu alichomelea, akasaga mshono, akaufunika kwa rangi.

Kilichoniuma kuliko vyote ni uso wa chini. Sisi tuliokulia magharibi mwa Kenya, katika nyumba ambazo umeme ulichelewa kufika, tunajua jinsi uso wa pasi ya makaa unavyopata ulaini wake. Nyanya yangu, kule Vihiga, kabla ya kunyoosha mashati ya Jumapili alikuwa akiipitisha pasi ya moto juu ya jani bichi la mgomba, mara kadhaa, hadi masizi yaishe na uso uteleze, kwa sababu nta ya jani huyeyuka na kushika kwenye chuma. Pasi iliyotumiwa hivyo kwa miaka thelathini au arobaini huwa na uso wa kijivu cha giza, laini kuliko kitu chochote kinachoweza kufanywa na mashine, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mikono iliyosukuma ilikuwa ikielekea wapi. Uso wa pasi niliyouziwa umesagwa ukawa mweupe. Hakuna mafuta, hakuna nta, wala hakuna fundi wa soko la Kibuye hapa Kisumu au wa Nairobi atakayeurudisha ulivyokuwa, na muuzaji huyu ameuondoa kwa kazi ya dakika chache ili picha yake ing'ae.

Nimepitia tena matangazo yake ya nyuma na nimekuta kwamba mchezo huu ni wa muda mrefu. Zipo pasi za chuma kitupu, zile zinazopashwa moto juu ya jiko, ambazo kwa umbo naamini ni za viwanda vya West Bromwich, Uingereza, kama Kenrick na Siddons. Viwanda hivyo vilikuwa na desturi ya kumimina jina na namba juu ya mgongo wa pasi, namba ambayo ni ya ukubwa wala si ya mwaka. Kwa mkusanyaji, jina hilo na namba hiyo ndicho cheti pekee cha kuzaliwa ambacho pasi inacho. Katika picha zake, migongo hiyo ni mitupu na inang'aa, na katika pasi moja imebaki nusu ya namba, kwa sababu grainda haikufika kwenye kona iliyo chini ya mpini. Alipoulizwa na mnunuzi mmoja, alijibu kwamba maandishi yanashika kutu.

Kuna lingine ambalo lilinifanya niamke usiku kuandika rasimu ya uzi huu. Ametangaza kitako cha pasi chenye ncha mbili, mbele na nyuma, na juu yake amechomelea mpini wa nondo. Kitako cha namna hiyo ni cha mtindo wa Mary Florence Potts, mwanamke wa Ottumwa katika jimbo la Iowa, aliyepata hataza yake mwaka 1871. Ubunifu wake wote ulikuwa kwenye mpini: mpini wa mti unaochomolewa, ili mpigaji pasi awe na vitako kadhaa vinavyopashwa moto jikoni huku mpini mmoja, ambao haukai motoni, ukihama kutoka kitako hadi kitako bila kumwunguza mkono. Kukichomelea nondo ni kukifuta kile kitu chenyewe kilichokipa thamani. Mahali pa kushikia mpini palikuwa pazima. Angeweza kukiuza bila mpini, na mmoja wetu angekinunua kwa furaha.

Sasa nizungumzie tarehe, maana hapo ndipo uongo unapokuwa mzito. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901. Chuma kizito cha matumizi ya nyumbani kilifika kwetu kwa wingi baada ya hapo. Sikatai kwamba misafara ya biashara ilipita kwa Mumia, mfalme wa Wanga, kabla ya reli, na pasi moja moja ingeweza kubebwa kichwani hadi huku, ila anayedai hivyo alete ushahidi. Tena Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu hicho hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Muuzaji huyu anasema pasi zake ni za 1890, na papo hapo anajigamba kwamba anazituma ng'ambo. Basi atuchagulie moja: ama tarehe ni ya kubuni na anatulaghai, ama ni ya kweli na anavunja sheria. Kwa bahati mbaya, pasi nyingi zilizobaki katika nyumba za Nyanza, za Kakamega na za Bonde la Ufa ziliingia baada ya 1895, kwa hiyo sheria haizilindi, na zinalindwa na uaminifu wa wauzaji na macho ya wanunuzi tu.

Viweko navyo havijasalimika. Pamoja na pasi alinitumia kiweko cha miguu mitatu, chenye nakshi ya majani, akisema ni "cha seti moja". Ninacho kiweko cha nakshi hiyo hiyo, kilichotoka kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Luanda, kule Vihiga, na nilipoviweka pamoja nilikuta chake ni kifupi kwa zaidi ya milimita mbili katika urefu wa sentimita ishirini na nne. Chuma kikiyeyushwa na kumiminwa hunywea kinapopoa, takriban sehemu moja katika mia, kwa hiyo anayekandamiza kiweko cha zamani kwenye mchanga ili apate kalibu atatoa mtoto mdogo kuliko mama. Mishipa ya majani, ambayo kwenye changu inahisika kwa kidole, kwenye chake imejaa na kufifia, na sehemu ya chini ina chembechembe za mchanga ambazo hakuna mguu wa meza wala moto wa jiko uliowahi kuzisugua. Sina ugomvi na wanaofanya kazi ya kumimina chuma. Ni kazi ngumu na ya halali. Kiuzwe kama kipya, kwa bei ya kipya.

Wapo watakaosema, kama alivyosema yeye, kwamba wateja wanataka kitu kinachong'aa, na kwamba bila yeye pasi hizi zingeishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, zikapimwa kwa kilo na kuyeyushwa. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake na inanisikitisha, kwa kuwa nimeona mizani hizo zikifanya kazi. Lakini kuokoa pasi hakuhitaji grainda. Mafuta ya taa, brashi ya nyuzi za shaba, kitambaa, subira ya siku chache, na mwishowe nta ya nyuki iliyopakwa kwa wembamba, vinatosha kwa kutu ya kawaida, na kutu iliyokomaa hutolewa kwa maji yenye soda ya kufulia na umeme mdogo wa betri, pasi ikiwa imeunganishwa upande wa hasi, bila kuondoa chembe ya chuma kizima. Gharama yake haizidi ya mkebe mmoja wa rangi aliyonipulizia. Makavazi ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, Hugh Stoneham. Vitu vilivyo vibandani mwetu leo vinaweza kufika mahali kama hapo, iwapo vitafika vikiwa na majina yao, namba zao na nyuso zao.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, fedha zangu zirudishwe zote, pamoja na nauli ya kifurushi. Pasi na kiweko viko tayari kurudi Nakuru kwa matatu ya kwanza. Pili, aondoe neno "imerejeshwa" na mwaka 1890 kwenye matangazo yake yote, na katika kila pasi aandike waziwazi kilichochomelewa, kilichobadilishwa na kilichosagwa. Tatu, nawaomba mliowahi kununua kwake muweke hapa picha za bawaba, za mshono wa kikomeo na za uso wa chini, katika mwanga wa mchana, bila kutaja jina lake wala namba yake ya simu. Amekwisha kuusoma uzi huu, kwa maana nimemtumia kabla ya kuuweka, na nimempa hadi Ijumaa. Asiporudisha, nitapeleka maandishi yake, risiti na pasi yenyewe kwenye Mahakama ya Madai Madogo.