Kamalondo: waombaji mlangoni na wezi wa vitu vidogo, tufanye nini kwenye avenii yetu?

Mama wa Farmasi

Jambo kwenu bandugu. Kwenye avenii yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, watu wanatembea kwa miguu tangu asubuhi mpaka usiku. Kuna maligablo (viduka vidogo), mgahawa wa bukari (ugali), saluni, farmasi, na siku timu ya mpira TP Mazembe inacheza, umati wote unapita mbele ya milango yetu. Hilo tunalipenda na hatutaki kulipoteza.

Shida ziko mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni waombaji: wamama wazee, vipofu wanaoongozwa na watoto, mashege (watoto wa mitaani) wanaosimama mbele ya duka mpaka mteja anaogopa kuingia. Ya pili ni wizi: telefone zinanyakuliwa, nguo zinatoka kwenye kamba, robine (bomba za maji) na taa za nje zinang'olewa, hata kifuniko cha shimo la maji. Katika mkutano wa avenii wengine wanataka tufukuze kila mtu anayeomba, wengine wanasema mwizi akikamatwa apigwe. Sikubali hata moja, lakini nahitaji kupeleka kitu cha kushikika. Tuanzie wapi, kwa pesa kidogo?

Fundi Antivoli

Mama, anza na vitu. Mwizi mdogo hachagui nyumba, anachagua kitu kinachotoka haraka, bila kelele, na chenye mnunuzi.

Kadena (kufuli) kwanza. Inayovunjika mara nyingi si kadena yenyewe, ni feri (chuma) inayoishikilia. Watu wanaifunga kwa visi (skrubu) za mbao, mtu anapenyeza baramini (mtaimbo), visi zinatoka pamoja na vipande vya mlango. Weka buloni za milimita 8 au 10 zinazopita mlango mzima, rondela pana na nati upande wa ndani, kisha ncha ipigwe nyundo ili nati isirudi. Kadena iwe na shingo fupi yenye unene wa milimita 10. Shingo ndefu inatoa nafasi ya kuingiza chuma na kuipindua. Kwenye mlango wa feri, mwambie fundi atengeneze kisanduku cha bati la milimita 3 kuzunguka kadena, wazi upande wa chini tu. Mkono wenye ufunguo unaingia, mkasi wa kukatia hauingii.

Antivoli (nondo) za madirisha: nafasi ya sentimita 10 hadi 12 inazuia mwili, haizuii fimbo yenye ndoano. Ndiyo maana telefone iliyo kwenye chaji na suruali yenye pesa zinavutwa nje usiku watu wakilala. Kusogeza meza hakusaidii, fimbo inaweza kuwa ya mita mbili. Funga wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 au 2 nyuma ya antivoli, na uushike kwa vipande vya feri bapa, si misumari peke yake.

Robine na vifuniko vinaenda kwa wanunuzi wa mitraye (vyuma chakavu). Dawa ni kuweka kitu ambacho hakiuziki. Nje weka robine ya plastiki. Kifuniko cha shimo kitengenezwe kwa beto (zege): sentimita 60 kwa 60, unene 6, ndani feri za milimita 8 kila sentimita 12, pande zote mbili. Kitakuwa na kilo 50 hivi. Watu wawili wanakiinua kwa vishikio, na hakuna anayekinunua. Kimwagiwe maji siku saba kabla ya kukanyagwa. Wengi wanakiweka siku ya pili, kinapasuka, halafu wanasema beto haifai.

Taa. Kwa delestage zetu (umeme kukatwa kwa zamu), taa ya nje ya umeme wa kawaida inazimika saa ile ile unayoihitaji. Nunua ya jua, lakini usiamini "300W" iliyoandikwa kwenye karatoni. Piga hesabu: taa ya wati 5 za kweli kwa saa 12 inakula wati-saa 60. Betri ya lithiamu ya volti 3.2 na ampea-saa 20 ina 64, yaani inakwisha kabisa kila usiku na haitadumu. Chukua ya ampea-saa 30. Paneli iwe ya wati 20. Hapa Lubumbashi sehemu kubwa ya mwaka jua linapita kaskazini yetu, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, imeinama kwa digrii 15 hivi. Ikilazwa kabisa, vumbi na maji vinabaki juu. Kiangazi vumbi jekundu linaifunika, ipanguswe kila juma kwa kitambaa chenye maji. Taa ikae mita 3 na nusu juu na itazame chini. Ikimpiga mpita njia machoni, haoni aliyesimama nyuma yake.

Mwisho, salongo (usafi wa pamoja): matawi na uzio wa majani mbele ya lupangu (kiwanja cha nyumba) visizidi kimo cha kiuno, ili wa ndani aone njia na wa njiani aonekane.

Inite na Kava

Naongeza ya telefone tu, Mama. Kunyakua kunatokea pale mtu anaposimama pembeni ya barabara na telefone sikioni upande wa magari, au dirishani mwa taksi-bisi inapoanza kuondoka, kwa sababu hapo mwenye telefone hawezi tena kushuka na kukimbiza. Maduka yenu yanaweza kusaidia bila gharama: bandikeni karatasi mlangoni, "Ingia ndani upige simu". Kuhesabu pesa za kambisti (mbadilisha pesa) vilevile, ndani.

Kabla ya kuibiwa: piga *#06#, andika namba zile 15 za kuitambua telefone kwenye karatasi inayobaki nyumbani. Weka kodi (namba ya siri) kwenye karte SIM yenyewe, si kwenye skrini peke yake. Mwizi anatoa SIM, anaiweka katika telefone nyingine, na hapo meseji zote za kubadilisha kodi zinamfikia yeye. SIM yenye kodi inafungwa baada ya kukosea mara tatu na kudai PUK, namba ya kuifungulia. Ficha pia maandishi ya meseji skrini ikiwa imefungwa.

Baada ya kuibiwa, mpangilio ni huu: azima telefone ya jirani, piga kampuni yako ifunge laini pamoja na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, halafu badilisha neno la siri la Google, halafu ndipo uende polisi. Watu wanaanza na polisi, na wakati wanasubiri zamu yao pesa zinaondoka.

Na tafadhali tuache kununua telefone ya bei ya chini bila karatoni wala karatasi. Kununua kitu cha wizi ni kosa kwa sheria yetu, na ni sisi tunaoilisha biashara hiyo.

Yaya wa Sosiali

Mama, umefanya vizuri kutenganisha hayo mawili. Anayeomba kila siku mahali pamoja anajulikana uso, na hilo peke yake linamfanya mtu mgumu kuiba hapo. Mkifukuza wote mnaondoa wanaojulikana, wanabaki wasiojulikana.

Tatizo lenu kubwa ni mlango. Kila anayetoa pesa mlangoni anafundisha watu kusimama mlangoni. Hamishieni msaada mahali pengine na saa nyingine. Maduka kumi yanachanga kila juma, pesa zinakwenda kwa mama wa mgahawa, na yeye anatoa sahani kwa tikiti, tuseme Jumanne na Ijumaa saa nane, umati wa mchana ukiisha. Tikiti iwe karatasi ya rangi yenye muhuri, na rangi ibadilike kila juma, la sivyo zitauzwa au kutolewa kopi. Hesabu ya sahani ijulikane mapema na isivukwe. Mpango wa aina hii unakufa pale juma la kwanza wanakula 15, la tatu wanakuja 60, na mama wa mgahawa anabaki na deni. Aanze kulipwa kabla ya kupika.

Mlangoni jibu liwe moja kwa wafanyakazi wote: "Leo hapana, Mama. Ijumaa saa nane, kwa mama wa bukari." Mtazame usoni, sema kwa heshima, usiongeze sababu. Akiona mmoja anakataa na mwingine anatoa kwa siri, atasubiri, na ana haki ya kusubiri.

Watoto wasipewe pesa taslimu. Noti mkononi mwa mtoto mdogo inachukuliwa na mkubwa kabla ya jioni, au inaishia kwenye kole (gundi) ya kunusa. Chakula kinacholiwa pale pale hakinyang'anywi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto anayezurura na kuomba kuwa mtu wa kulindwa, na aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Kumpakia kwenye gari la polisi kunamrudisha kwenu amekasirika zaidi. Zungumzeni na Division ya Mambo ya Kijamii, na kwa wavulana, na walezi wa Bakanja ya Wasalesiani wa Don Bosco. Waje wao kwenye avenii jioni, mara nyingi, mpaka watoto wawazoee. Kumshika mtoto mkono na kumpeleka kwa nguvu hakudumu, anatoroka.

Mtoto anayeongoza kipofu, zungumza kwanza na huyo mzazi au babu. Yule mtoto ndiye macho ya nyumba nzima. Bila mtu mzima wa kumbadilisha saa za shule, mnamwondolea mzee chakula. Wamama wazee nao, ulizeni taratibu wanalala wapi. Wengine wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na hapo parokia, kanisa au msikiti wao unaweza kuzungumza na familia kuliko duka.

Tata wa Avenii

Kuhusu kupiga mwizi, mama, waambie wazi mkutanoni: mtu akifia mikononi mwa umati, waliopiga ndio wanaotafutwa kwa kuua, na robine iliyoibiwa inasahauliwa. Pangeni sasa nani anafanya nini. Wawili wanamshika mikono na kumkalisha chini. Mmoja anachukua kitu mbele ya mashahidi. Wengine wote wanageuka kutazama umati na kuurudisha nyuma, kwa maana pigo la kwanza huwa linatoka kwa asiyeibiwa chochote. Shefu wa avenii anaitwa, mnakwenda pamoja polisi, mwenye kitu anaeleza mbele ya OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) na anasoma PV (maandishi ya maelezo yake) kabla ya kutia sahihi. Katiba, kifungu cha 18, inasema kuzuiliwa polisi kusizidi saa 48. Kwa hiyo mkimwona nje siku ya tatu, msidhani lazima amenunua njia. Fuateni faili kwa mwendesha mashtaka.

Mama wa Farmasi

Asanti sana, nimeandika yote. Swali moja: vijana wanataka bariera ya kufunga avenii kuanzia saa moja usiku, na sentineli (mlinzi) mmoja. Inafaa?

Tata wa Avenii

Bariera hapana. Itawazuia wateja wa mgahawa na saluni, na saa mbili mtakuwa na njia tupu, ambayo ndiyo mwizi anaitaka. Sentineli ndiyo, lakini atembee, asikae kwenye kiti mlangoni mwa anayechanga zaidi. Mpeni filimbi, tochi, na namba za simu za nyumba tatu zitakazoamka akipiga. Wale wamama wanaouza mikate na mafuta kando ya njia, waacheni wabaki mpaka saa tatu usiku na muwawekee taa ya kwanza karibu nao. Siku za mechi ongezeni mtu wa pili, hasa watu wanapotoka stadi (uwanja wa mpira), wakiwa wamebanana na mikono iko juu.