Walimu wa hesabu: kigeu nasibu mnakiingizaje darasani? Wanafunzi wangu wanatafuta X

MwalimuWaBara

Habari za muda huu wakuu.

Nafundisha hesabu kidato cha tano na cha sita, PCM (fizikia, kemia, hesabu) na EGM (uchumi, jiografia, hesabu). Uwezekano wa kawaida hauwasumbui. Sarafu moja, dadu moja, mipira ndani ya mfuko, yote walishayapitia kidato cha nne. Shida inaanza nikiandika ubaoni P(X = 2), yaani uwezekano wa kigeu nasibu X kuwa 2. X wanayoijua wao tangu kidato cha kwanza ni namba iliyofichwa: unahamisha huku na kule mpaka unaipata. Wiki hii binti mmoja, tena hodari sana kwenye kalkulasi, aliangalia jedwali la mgawanyo wa uwezekano akauliza, "Sasa mwalimu, hapa X ni ngapi?" Nusu ya darasa ikakaa kusubiri jibu.

Vitabu tulivyonavyo vinatoa fasili, kisha vinarukia fomula za wastani na varianisi (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika). Vijana wanakariri, lakini ukigeuza swali kidogo tu wanakwama. Darasa lina watu sitini na projekta hatuna. Naomba mbinu kutoka kwa mliopita njia hii. Natanguliza shukrani.

ChakiNaDasta

Mwalimu, swali la huyo binti ni zuri, lishike hapohapo. Ila X usianze nayo kabisa.

Chukua sarafu mbili tofauti, ya shilingi 100 na ya 200. Ya mia ina Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili; ya mia mbili ina Karume na simba. Zirushe pamoja, waambie waandike kila kinachoweza kutokea: Nyerere na Karume, Nyerere na simba, swala na Karume, swala na simba. Manne, na hakuna lenye nafasi kubwa kuliko mwenzake. Mpaka hapo hujataja namba yoyote.

Sasa uliza: kila tokeo lina vichwa vingapi? Watakujibu 2, 1, 1, 0. Ziandike pembeni ya matokeo, chora mishale. Mishale hiyo ndiyo X. Ni kanuni ya kulipa kila tokeo namba yake. Ndiyo maana haina jibu moja: kabla ya kurusha inaweza kuwa 0, 1 au 2, na kazi yetu ni kusema kila thamani ina uzito gani. Robo, nusu, robo.

Halafu usiishie hapo, maana wengi huishia hapo. Kwa matokeo yaleyale manne, tengeneza Y: jumla ya shilingi za sarafu zilizoonyesha kichwa. Unapata 300, 100, 200, 0. Majaribio ni yaleyale, kigeu kingine kabisa. Nimeona hapo ndipo darasa linapofunguka, kwa sababu mwanafunzi anatambua kwamba kigeu tunakichagua sisi kulingana na tunachotaka kujua. Wastani wa Y wautafute wenyewe bila fomula: jumlisha zote nne, gawa kwa nne, 150.

Mkufunzi_TTC

Naunga mkono sarafu tofauti. Ukitumia mbili zinazofanana, watakwambia matokeo ni matatu (vichwa viwili, mchanganyiko, hakuna kichwa) na kila moja ni theluthi. Usiwakaripie. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 kwamba nafasi ya kupata angalau kichwa kimoja katika mirusho miwili ni 2/3. Jibu ni 3/4.

Kijana_wa_Mkeka

Mkuu, weka mfano wa kubeti, watakuelewa haraka. Mkeka wa mechi 10, kila moja ukiwa na nafasi ya 0.6: zidisha 0.6 mara kumi, inabaki takriban 0.006. Yaani inashinda mikeka sita tu kwa kila elfu.

ChakiNaDasta

Hesabu yako ni sahihi, mradi mechi haziathiriani. Lakini kuna wazazi hawataki kamari itajwe darasani, na nawaheshimu. Mfano huo uje baadaye, tena kama onyo.

NesiWaWatoto

Samahanini walimu, mimi si wa fani yenu, nipo kliniki ya watoto. Ila naomba mada hii mwifundishe kwa moyo. Baba na mama wote wakiwa wabebaji wa kinasaba cha sikoseli, kila mtoto ana nafasi ya moja kwa nne kuugua. Wazazi wengi wakisikia "moja kwa nne" wanaelewa hivi: wa kwanza akizaliwa mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Wanarudi na wa pili anaumwa, wanauliza wamekosa nini. Hawajakosa kitu. Kila mimba inaanza upya, lakini kumweleza mama aliyembeba mtoto anayelia kwa maumivu ni kazi ngumu.

Mkufunzi_TTC

Dada, ahsante sana. Mwalimu, somo lako la pili ndilo hili. X iwe idadi ya watoto wagonjwa katika familia ya watoto wanne. Hakuna hata mmoja: 81/256, karibu asilimia 32. Mmoja tu: 108/256, asilimia 42. Wawili au zaidi: 67/256, asilimia 26. Wastani wa X ni 1 kamili, ila zaidi ya nusu ya familia za namna hiyo hazitakuwa na mgonjwa mmoja kamili. Waulize kwanza wanatarajia nini, ndipo wapige hesabu.

MwalimuWaBara

Wakuu, nimenufaika mno. Dada nesi, mfano wako naubeba ulivyo. Swali la mwisho: warushe kweli, au inatosha kuorodhesha ubaoni?

ChakiNaDasta

Warushe. Darasa la sitini ni faida: kila mmoja arushe zile sarafu mbili mara 20, unapata mirusho 1,200. Kusanya ubaoni utaona X = 1 (kichwa kimoja) inakaribia mara 600, lakini haitakaa hapo sawasawa. John Kerrich, aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini, alikamatwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili; akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Na kabla hawajaanza, kila mmoja aandike kwenye daftari anakisia atapata kichwa kimoja mara ngapi kati ya 20 zake. Fomula ya varianisi iingie siku wanapouliza kwa nini makisio na majibu yao yametofautiana.