Afisa rasilimali watu: uzamili, cheti cha nje au sheria za kazi?

Afisa_MjiKasoroBahari:
Ndugu zangu wa taaluma, salaam. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, na kazi yangu hadi sasa imekuwa zaidi ya mishahara, likizo na mafaili. Mwajiri amekubali kunigharamia mafunzo ya aina moja tu mwaka huu, nami ninasita kati ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu Mzumbe na cheti cha CIPD, taasisi ya wataalamu wa rasilimali watu ya Uingereza. Kipi kitanikuza kikazi badala ya kunenepesha wasifu tu?

Mshauri_Ilala:
Ndugu, vyote ni vyema, lakini ningeanza na sheria za kazi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Utaratibu wenyewe umo katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007: uchunguzi kwanza, kisha taarifa kwa mfanyakazi, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupaswi kupungua saa 48, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, utaulizwa muhtasari wa kikao cha nidhamu, wala hakuna atakayeulizia cheti chako. Usiisahau pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana mafaili hayo yamejaa habari za afya na familia za watu.

Wa_Nairobi:
Huku Kenya uchaguzi huo una mipaka, kwa kuwa Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya mwaka 2012 inamtaka mtendaji asajiliwe na awe na cheti cha kufanyia kazi. Naafiki hoja ya sheria, ila semina za hotelini, ambazo wengi wetu huzihudhuria kwa ajili ya posho, hazimjengi mtu. Omba ukae katika vikao vya nidhamu pamoja na wakili wa kampuni.

Afisa_MjiKasoroBahari:
Nashukuru. Je, mtu asiye mwanasheria anaweza kujisomea maamuzi yenyewe ya kesi za kazi?

Mshauri_Ilala:
Anaweza. Hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Anza na zile ambazo mwajiri alishindwa ingawa alikuwa na sababu halali, kwa kuwa hakufuata utaratibu.