Mtaji au ya kula kwanza? Tujadili msaada wa serikali kwa wasio na ajira wanaotaka kujiajiri

Ndugu wadau, kila serikali inapotangaza mpango wa kuwasaidia wasio na ajira waanzishe biashara, kilio ni kimoja: wapewe mtaji. Tunagombana tu kuhusu kiasi, riba, na kama upewe kikundi au mtu mmoja mmoja. Mimi naona swali la kwanza tumeliruka. Huyo mtu atakula nini miezi sita ya mwanzo?

Niliwahi kukaa na mama mmoja, fundi cherehani aliyepata mkopo wa mpango wa aina hii, tukapitia daftari lake. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi: vitambaa, uzi, zipu, vifungo. Wiki ya tatu, kwenye safu ileile ya manunuzi, ameandika "dawa ya mtoto". Chini yake "kodi ya chumba". Kisha "ada". Kufikia wiki ya tisa vitambaa havimo tena, na marejesho yalishaanza tangu mwezi wa pili. Cherehani akaiuza ili alipe. Watu walimwita mzembe, na mpaka leo neno hilo linaniuma, kwa sababu kila kilichoandikwa mle kilikuwa cha lazima. Alikula mtaji kwa kuwa hakuwa na kingine cha kula.

Kwa hiyo nasimama upande wa posho ya kujikimu, yaani fedha ya kuishi anayolipwa mtu kidogo kidogo wakati biashara yake inaanza. Si wazo geni. Uingereza mpango wao ulienea nchi nzima mwaka 1983: asiye na kazi anayeanzisha biashara alilipwa pauni 40 kwa wiki kwa mwaka mzima. Ila walitaka kwanza aonyeshe kuwa ana pauni 1,000 za kuanzia, sharti ambalo kwangu linamfungia mlango yule hasa mwenye shida. Ujerumani, chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2006, anayejiajiri huendelea kupata kiasi cha fidia yake ya ukosefu wa ajira, yaani malipo ya bima kwa aliyepoteza kazi, kwa miezi kadhaa, pamoja na euro 300 kila mwezi za kugharamia bima zake. Na mpango wa biashara yake lazima upitiwe kwanza na wenye ujuzi. Ufaransa humwachia mtu achague: aendelee kulipwa fidia kila mwezi, au achukue sehemu yake kama mtaji, nusu mwanzoni na nusu baada ya miezi 6.

Wanaopinga wana hoja. Wanasema wengi wangeanza hata bila kusaidiwa, hivyo fedha za umma zinapotea. Hofu hiyo haiko mbali na ukweli, na Ujerumani mwishoni mwa 2011 waliacha kuifanya posho hii haki ya kila anayestahili, wakawapa maofisa uamuzi. Waliopata wakapungua sana. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya wateja. Ukiwasaidia mafundi kumi mtaa mmoja, hujaongeza nguo za kushonwa, umewagawia kumi kazi ya wawili waliokuwapo tayari, na hao wawili walikuwa wanalipa kodi bila msaada wa mtu. Hapo sina jibu kamili, zaidi ya kusema mipango ichujwe kabla ya fedha kutoka.

Kuna pia ushahidi wa Uganda, ambao hauniungi mkono moja kwa moja. Vikundi vya vijana wa kaskazini vilipewa ruzuku ya mkupuo, si mkopo. Baada ya miaka 4 kipato chao kilikuwa juu ya wenzao wasiopata kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 kipato kikawa karibu sawa, ingawa walibaki na mali zaidi. Lakini angalieni fedha zilikwenda wapi: mafunzo ya ufundi na vifaa vya kazi, na hawakudaiwa marejesho.

Mtauliza nchi isiyo na bima ya ukosefu wa ajira itatoa wapi posho. Itatoa kwenye mfuko uleule wa mikopo. Chombo cha kazi kinunuliwe moja kwa moja, fedha ya kujikimu itoke kidogo kidogo kila mwezi, na kama kuna marejesho yaanze posho ikishakwisha. Watakaofikiwa watakuwa wachache zaidi, nakubali.

Anayetaka mtaji peke yake, aniambie yule mama angefanya nini wiki ile ya tatu.