MJADALA: Ziwa Tanganyika lifungwe, sawa. Gharama abebe nani?

Wadau, niweke wazi msimamo wangu kabisa: naunga mkono kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Wapo wanaosema samaki hawamaliziki, wanahama tu, na kwamba babu zetu walivua bila kufunga chochote. Babu zetu walivua kwa mitumbwi michache. Leo usiku wa giza ukisimama Kibirizi, pale Kigoma, taa za wavuvi zimetanda ziwani mpaka macho yanapoishia.

Dagaa wetu haishi zaidi ya mwaka mmoja hivi, na huanza kutaga akiwa na miezi michache tu. Kumpumzisha miezi mitatu kuna maana kubwa, tena ni miezi ya kusi, upepo unaotikisa maji ya kusini mwa ziwa na kupandisha rutuba kutoka chini. Mgebuka, samaki mkubwa anayekula dagaa, ni habari nyingine. Huyu anaishi miaka kadhaa, na watoto wake wananaswa kwenye nyavu zile zile za dagaa. Anayetuahidi kwamba miezi mitatu peke yake itarudisha migebuka ya zamani anatudanganya. Makokoro, yaani nyavu za kukokota hadi ufukweni, na nyavu za matundu madogo zikiachwa kufanya kazi miezi tisa inayobaki, tumefunga bure. Halafu kuna joto: maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha samaki kinapungua. Hilo mvuvi wa Kigoma hakulileta na hawezi kuliondoa. Anachokiweza ni kiasi anachovua.

Sasa, ninapogombana na waliopanga kufunga ziwa ni hapa. Mfikirie mama anayeanika dagaa. Alfajiri anachukua mabeseni kwa mkopo, analipa akishauza. Anatandaza mchangani au kwenye chanja, anashinda juani akigeuza, wingu likitanda anakimbia kuzoa, maana dagaa wakilowa bei imekwenda. Hana chombo wala leseni, kwa hiyo kwenye orodha za wavuvi jina lake halipo. Ziwa likifungwa, kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, hakifungwi. Marejesho ni kila wiki. Baharia, yule kibarua wa chombo cha uvuvi, naye hana mshahara, anaishi kwa mgao wa kilichopatikana usiku ule.

Msinijibu kwamba watu hawa hawajui kuweka akiba. Kila mwezi mbalamwezi ikiwaka wanapumzika siku kadhaa na familia zinakula. Miezi mitatu mfululizo si siku kadhaa.

Tunaambiwa tufuge samaki kwenye vizimba vya nyavu ziwani. Nakubali vina nafasi yake, lakini samaki wa kizimbani anataka miezi mingi ya kulishwa kabla hujauza hata mmoja, na chakula chake ni ghali. Kizimba kinaanzwa mapema, si wiki ya kufunga ziwa.

Ninachotaka mimi ni hiki. Ada ya leseni ya mwaka ipunguzwe kwa ile miezi mitatu isiyovuliwa. Waanikaji na mabaharia waandikishwe kila mwalo, pale samaki wanaposhushwa, na mikopo ya halmashauri iwafikie kabla ya Mei. Na uzito wa samaki wanaoshushwa kabla na baada ya kufungwa ubandikwe mwaloni, kwa Kiswahili, kila mtu ausome. Mtu aliyelala njaa kwa ajili ya ziwa ana haki ya kujua kama limeongezeka.

Mnaopinga kufunga, naomba jibu moja: mtamzuiaje jirani yako kuvua vifaranga usiku ambao wewe umeamua kupumzika? Na ninyi mnaounga mkono kama mimi, hasa mlio Dar na Dodoma mnaokula dagaa wa Kigoma: mko tayari kununua kwa bei ya juu kidogo, ili yule mama apate cha kuweka akiba kabla ziwa halijafungwa?